Karakana za wasanii Bagamoyo: omba uone malighafi kwanza

Mkuu, umeuliza kama inafaa kwenda Bagamoyo kuwaona wasanii wanaotumia ukindu na mbao za majahazi kwa mtindo mpya, au ni maduka ya watalii tu. Nenda. Ila yale maduka ya vinyago yapite, pale kila kitu kimeshapigwa polishi na kupangiwa bei.

Anzia TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Chuo kipo tangu 1981 na wengi wanakijua kwa ngoma na maigizo, lakini sanaa za ufundi zinafundishwa pia. Waulize wanafunzi nani anafanya kazi wapi, wanajuana. Karakana nyingi hazina kibao, ziko uani kwa mtu. Piga hodi, salimia wazee, sema shida yako.

Ukikaribishwa, usikimbilie kazi iliyokamilika. Kuna kaka mmoja ninayempitia mara kwa mara, ananunua mbao za majahazi yaliyochoka. Hazipigi randa. Matundu ya misumari yanabaki, michirizi ya kutu inabaki, na pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa za chombo, ikiwa bado imeng'ang'ania ukingoni haigusi. Sogeza pua utasikia sifa, yale mafuta ya papa, miaka yote hiyo. Nilimuuliza mbona hausafishi ubao. "Nikiusafisha si bora nikanunue mpya kwa seremala?" Juu yake anachonga kidogo mno, uso mmoja au miwili. Kazi zake za zamani zilijaa nyuso hadi zikawa makelele. Hizi za sasa zinapumua.

Upande wa ukindu yuko dada anayenunua ukili, ule ukanda uliosukwa wa kushonea mikeka, kwa akina mama wasusi, anaushona mapana bila kupunguza ncha, kisha anautundika ukutani. Bibi mmoja jirani alicheka: "Mkeka gani huo haulaliwi?" Kazi nzuri, ila nina neno: jina la aliyesuka halionekani popote, na kusuka ndiko kuliko na jasho. Uliza nani kasuka. Ukipelekwa kwake, nenda.

Wapo wanaowalinganisha na El Anatsui, yule msanii Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, anayeunga vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba vikawa kama kente, kitambaa cha jadi cha Ghana. Sikubali sana. Yeye anachukua taka za kiwandani akazipa sura ya kitambaa cha jadi. Hawa wanachukua cha jadi wakakiachisha kazi yake.

Picha, omba ruhusa. Bei, ongea kistaarabu, usikomoe kama uko mnada wa samaki. Siku za tamasha usiende kwa ajili ya karakana, wengi wako viwanjani wanauza. Na ukipata muda, shuka ufukweni asubuhi maji yakiwa yametoka. Mafundi wakiwa wanaziba chombo, utaiona ile pamba ya kalafati ikigongwa ikiwa bado nyeupe.