Bando la WhatsApp linakubali, linki haifunguki: jibu refu kidogo

Kwa wasiosoma juu, mleta uzi anasema hivi: amejiunga bando la mitandao ya kijamii, WhatsApp inaruka vizuri, picha na video zinashuka, lakini akigusa linki yoyote aliyotumiwa kwenye grupu, kikaduara kinazunguka weee, halafu ukurasa mweupe. Anauliza kama simu ni mbovu, mtandao unamwibia, au yeye mwenyewe ndiye mshamba. Wachangiaji watatu wa mwanzo wamemwambia arudishe simu kwenye mipangilio ya kiwandani. Mwingine kamwambia aweke VPN.

Mkuu, usifute kitu. Simu yako nzima, na ushamba huna. Mimi niko kwenye meza ya ufundi simu huku Mbagala mwaka wa tisa sasa, na kesi yako naipokea karibu kila wiki. Iliyonikaa kichwani ni ya mama mmoja muuza dagaa. Ilikuwa mwisho wa Januari, matokeo ya kidato cha nne yametoka siku hiyo. Akaja ameishika simu kwa ncha za vidole kama kitu kinachouma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii simu yenu inanitania."

Kwenye grupu la wazazi walikuwa wametumiwa linki ya matokeo ya shule, na wenzake wanapongezana. Yeye akigusa, weupe. Fundi wa mtaa wa pili alishamwambia simu inataka kuflashiwa, elfu kumi na tano. Nikamuuliza bando gani alilojiunga. "La mia tano, la WhatsApp." Nikawasha hotspoti kwenye simu yangu, nikamuunganisha. Ukurasa ukaja hata hajamaliza kuvuta stuli. Kijana kapata daraja la pili, pointi 20. Mama akacheka, akafuta macho kwa upande wa kanga, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu fupi: "Sasa mbona zangu zipo na hazifungui?"

Zipo, ndiyo. Aliangalia salio la bando mbele yangu, MB zimejaa. Na kinachoniudhi mpaka leo ni hiki: ukurasa wa matokeo wa shule moja ni maandishi matupu kwenye jedwali, hauna picha wala mbwembwe, na ni mwepesi kuliko zile picha za maua za "asubuhi njema" zilizojaa kwenye simu yake. Asubuhi hiyohiyo ilikuwa imeshusha video ya mahubiri ya MB kumi na ushee bila kuguna. Kwa hiyo uzito si sababu. MB zake zilikuwa na jina, na jina lenyewe halikuwa la Baraza la Mitihani.

Mtandao unajuaje unakwenda wapi wakati siku hizi kila kitu kimefungwa kwa usimbaji? Fikiria mzigo unaoutuma kwa basi kwenda mkoani. Umeufunga kwa kamba na gundi, konda hajui ndani kuna nini, lakini juu umeandika kwa makapeni jina la mpokeaji na stendi ya kushukia. Simu inapofungua tovuti, ile salamu yake ya kwanza kwa seva huwa kwa kawaida inataja jina la tovuti waziwazi, na anwani ya seva inaonekana pia. Mitambo ya kampuni ya simu inasoma hapo. Ikiona seva za WhatsApp, inakata kwenye bando lako. Ikiona jina jingine, inatafuta salio la kawaida, na kama halipo inakuacha unazungushwa. Ndiyo maana ushauri wa VPN hapa haufai kitu. VPN inafunga mizigo yako yote ndani ya gunia moja lenye anwani ya seva nyingine kabisa, kwa hiyo hata WhatsApp haitambuliki tena kama WhatsApp, na bando lako la mia tano linageuka pambo. Nimeona mtu akiweka VPN kufungua linki moja akapoteza na hiyo WhatsApp aliyokuwa nayo. Tena kumbuka tangazo la TCRA, wasimamizi wa mawasiliano hapa nchini, la Oktoba 2023, lililowataka wanaotumia VPN wazitolee taarifa kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Kwa hiyo usiichukulie kama kalkuleta tu ya kushusha na kusahau.

Kuna kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui. Ukitumiwa linki WhatsApp, kile kipicha na kichwa cha habari unachokiona hakikutoka kwenye tovuti kuja kwako. Simu ya aliyekutumia ndiyo iliyokwenda kukichukua, ikakiambatanisha na ujumbe, ukakipokea kama ujumbe mwingine wowote. Mwenye bando la WhatsApp anasoma kichwa cha habari bila kikwazo, ila habari yenyewe hawezi. Halafu tunashangaa mtu anabishana kwenye grupu saa nzima kuhusu habari ambayo hajaisoma! Hajaisoma kwa sababu hawezi kuifungua. Uvumi unaotembea kama picha au sauti unamfikia, na ukanusho uliowekwa kwenye tovuti haumfikii. Mimi hili naliona kubwa kuliko hizo shilingi mia mbili mia tatu za bei ya bando tunazogombana nazo.

Wenye simu wa nchi nyingine walishagombana kuhusu jambo hili hili. Marekani mwaka 2012 kampuni ya simu ya AT&T walizuia FaceTime, ile ya kupiga simu za video kwenye iPhone, isipite kwenye data ya simu isipokuwa kwa wateja wa vifurushi fulani; wengine ilibidi watafute Wi-Fi. Simu ni ileile, data umeilipia, lakini kampuni inakuchagulia programu ya kuitumia. Kelele zikapigwa wakalegeza. Sheria za huko za intaneti huria, za kuzuia kampuni kubagua unachofungua, zimekuwa kama mlango wa daladala: zikawekwa 2015, zikafutwa 2017, zikarudishwa Aprili 2024, mahakama ikazitupa Januari 2025. Sizifuatilii tena kwa moyo.

India ndiyo ya kuiangalia. Facebook walipeleka Free Basics, tovuti chache za bure kwa maskini. Hata hapa kwetu mpango huo ulifika mapema, 2014. Wahindi wakakataa. Barua pepe zaidi ya milioni moja zikatumwa kwa mdhibiti wao, TRAI, na tarehe 8 Februari 2016 akapiga marufuku kutoza bei tofauti ya data kulingana na unachofungua. MB iwe MB. Anayekiuka, faini hadi rupia 50,000 kwa siku.

Najua kuna atakayekuja hapa chini kusema, "Wewe una hela, waachie maskini bando lao la mia tano." Hoja hiyo naiheshimu, maana huyo mama wa dagaa angenipiga kofi nikimfutia. Lakini tazama kilichofuata India. Septemba mwaka uleule kampuni mpya ya simu, Jio, wakaingia sokoni wakigawa data ya 4G bure miezi kadhaa, bei za wote zikaporomoka. Sisemi sheria ndiyo iliyoshusha bei. Tajiri mwenye mfuko mnene ndiye aliyeshusha, na kampuni kadhaa ndogo zilikufa au zikamezwa. Ninachosema ni kwamba maskini wa India alipopata data nafuu, aliipata ya kufungulia chochote. Kwetu unafuu unakuja na orodha ya mahali pa kwenda. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotangazwa, nchi nzima tulipaza sauti mpaka zikasitishwa. Mnakumbuka. Ila kelele zote zile zilikuwa za bei na ukubwa. Kwamba MB zina majina, hilo lilipita kimyakimya.

Na ukishazoea MB zenye majina, serikali nayo inaweza kuweka bei kwenye jina. Uganda, 1 Julai 2018, walianza kutoza shilingi 200 za kwao kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook, Twitter na wenzake. Rais Museveni alikuwa amelalamikia lugambo, yaani umbea. Unalipa kwanza ndipo mlango unafunguka. Watu wakakimbilia VPN kwa wingi, makusanyo hayakufika yalikotarajiwa, na Julai 2021 ikaondolewa, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data yote. Angalau hiyo ya pili haichagui programu, japo mfukoni inauma.

Kuna na hili la nyumbani kwetu. Mama mdogo yuko Maskati. Oman simu za sauti za WhatsApp zimefungwa miaka nenda rudi, ujumbe unapita ila kupiga hapana. Ana simu kali kuliko yangu mara tatu, na bado tunaongea kwa kutumiana sauti: yeye anarekodi dakika nne kuhusu mguu wake, mimi najibu mbili, anajibu kesho yake. Siku ya msiba wa bibi tulifanya hivyohivyo, vilio vinapokezana kwa zamu. Saudia nao walikuwa hivyo, wakafungua Septemba 2017, ingawa WhatsApp yenyewe haikuachiwa papo hapo.

Basi turudi kwako mleta uzi. Ukijiunga, usibonyeze namba kwa mazoea. Soma menyu mpaka mwisho, tafuta bando la kawaida la intaneti hata kama ni dogo, liwe na muda unaokutosha. Kisha ingia kwenye mipangilio ya Android uwashe kiokoa data, ukiruhusu programu mbili tatu tu. MB mia moja zisizo na jina, kiokoa data kikiwa kimewashwa, zinafungua kurasa nyingi sana za maandishi. Zima pia ile ya WhatsApp kushusha video yenyewe. Ukishuku kwamba mtandao unabana huduma fulani makusudi, usitegemee kipima kasi cha kawaida, kinaweza kukuonyesha kasi nzuri wakati video inakwama. Kuna programu inaitwa Wehe, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, inalinganisha mtiririko wa huduma fulani na mtiririko uleule uliofichwa usitambulike. Apple waliikataa mwanzoni, Januari 2018, ikaandikwa magazetini, wakaikubali. Kwa tovuti zilizofungwa kabisa kuna programu nyingine ya kupimia, OONI Probe, ila soma onyo lake kwanza kabla hujaanza kupima, maana matokeo huwekwa hadharani na mtandao unaweza kuona kwamba unapima.

Mama wa dagaa bado anajiunga la mia tano, nimeshamwelewa. Alipita tena Juni, safari hii kijana anasubiri uchaguzi wa kidato cha tano, linki imetumwa grupu lilelile. Hakutaka hotspoti wala maelezo. Aliweka noti ya elfu moja mezani, akanisogezea simu: "Hii nayo inataka MB zipi?"