Muulize Somo: Je, blogu ya mapishi inalisha?

Shikamoo Somo. Nina miaka 26, naishi Likoni, Mombasa, na kila siku navuka feri kwenda kazini, jikoni kwenye hoteli moja ya Nyali. Miezi kumi na minne iliyopita nilifungua blogu ya mapishi ya Kipwani. Nimeshaweka mapishi 41, na picha napiga mwenyewe. Mpaka leo Google wameniandikia dola 37, na hata hizo sijazishika. Shoga yangu ananisihi niache hoteli nijitose mzima mzima. Kaka yangu anasema namaliza gesi ya nyumba bure. Wewe umo humu miaka. Kuna pesa au hakuna?
Mpishi wa Likoni

Marahaba mwanangu. Usiache kazi. Hilo nalitanguliza ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Nimelifungua daftari langu la mwaka 2025 hapa mezani, nami nitakusomea lilivyo, maana mimi nilipoanza sikupata mtu wa kunifungulia lake. Nilianza 2018, mwaka ambao Google walikiingiza Kiswahili katika lugha za AdSense, ule mpango wao wa kulipa wenye tovuti kwa matangazo. Kabla ya hapo lugha yetu haikuwamo kwenye orodha yao.

Matangazo yaliniletea dola 2,050 kwa mwaka mzima. Kwa shilingi 129 za Kenya kila dola, ni kama 264,000. Lakini tazama zilivyoingia. Januari dola 90. Februari, watu walipoanza kutafuta mapishi ya futari, 240. Machi, Ramadhani yenyewe, 640. Aprili zikaporomoka hadi 130, na kutoka hapo ni 80 mpaka 120 kila mwezi hadi Oktoba. Novemba na Desemba zikapanda tena, 150 kisha 205, kwa kuwa makampuni makubwa ya ng'ambo humwaga matangazo kuelekea Krismasi. Ukiingia Januari tu, bei ya tangazo inaanguka, hata kama wasomaji ni wale wale.

Basi dola 880 kati ya 2,050 zilitoka katika miezi miwili. Ukiigawa hesabu hii kwa kumi na mbili ukajiambia una mshahara, utalala njaa Agosti. Tena pesa ya Machi hailipwi Machi. Google hulipa baada ya tarehe 21 ya mwezi unaofuata, na hawatoi chochote mpaka ufikishe dola 100. Idi imekwisha pita, nguo za watoto umeshazikopa, ndipo pesa ya futari inaingia. Hizo 37 zako zipo, hazijapotea. Ulipopita dola 10 walipaswa kukutumia barua ya posta yenye namba ya kuthibitisha anwani. Kama uliandika sanduku la posta lisilo lako, kalirekebishe wiki hii.

Kuna na jambo la dola yenyewe. Januari 2024 ilikuwa imefika kama shilingi 160. Mimi nikaipigia hesabu Ramadhani ya mwaka ule kwa bei hiyo: dola 610, sawa na 97,600. Nikaahidi fundi wa paa. Kufika Aprili dola ilikuwa imeshuka mpaka karibu 130, na benki ikaniwekea 79,000 na kidogo. Fundi alinisubiri miezi mitatu, Mungu amlipe. Tangu siku hiyo siandiki shilingi kwenye daftari kabla ya benki kuzileta.

Mapato mengine ya 2025: udhamini wa bidhaa mara tatu, jumla 96,000, zikakatwa kodi ya asilimia 5 nikapata 91,200. Kijitabu cha futari cha kusomwa kwenye simu, shilingi 300 kwa M-Pesa, nakala 214, yaani 64,200. Madarasa ya Jumamosi kwa mabibi harusi watarajiwa, 72,000. Ukijumlisha na matangazo, 491,400.

Sasa upande wa pili, ambao shoga yako hauoni. Vyakula, 148,000. Ndiyo, namba ya kwanza ni chakula, kwa sababu pishi la kuandikwa halipikwi mara moja. Mkate wa sinia niliupika mara sita kabla sijaridhika na kipimo cha hamira, na kila mara ni nazi, mchele, iliki na sukari. Mitungi tisa ya gesi ya kilo 13, 28,800. Wi-Fi 30,000. Jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi, 19,500. Simu ya mkono wa pili yenye kamera nzuri, 38,000. Tokeni za umeme, 14,000. Binti wa kuniosheshea vyombo na kunishikia taa mwezi wa Mlisho, yaani Shaabani, 24,000. Programu za picha 9,000, makato ya benki 7,200. Jumla 318,500.

Kilichobaki ni 172,900. Kwa mwezi, kama 14,400. Huo ni mwaka wangu wa nane, na ndio mzuri kuliko yote iliyotangulia.

Nakuandikia hivi kwa kuwa naipenda kazi hii na sitaki uichukie. Wapo wasichana wengi wenye mkono mzuri kuliko wangu, waliofunga blogu zao mwaka wa pili kwa sababu waliingia wakidhani pesa iko mlangoni. Wakaondoka na mapishi ya bibi zao, na hakuna aliyeyaandika tena.

Kaka yako ana haki juu ya gesi. Nunua mtungi mdogo wa kilo 6 uwe wa blogu peke yake, ukiisha andika tarehe. Hapo utajua pishi moja linakugharimu nini, na ugomvi wa mtungi wa nyumba utakwisha. Vyakula pia, pika kile ambacho nyumba itakila usiku huo huo. Mimi nilikuwa nikipika kwa ajili ya picha, chakula kinapoa, nakigawa kimechakaa. Ilikuwa hasara na pia ni vibaya.

Futari pika Rajabu. Usisubiri mwezi uandame. Injini za utafutaji huchukua wiki kadhaa kuutambua ukurasa mpya, na pishi la kaimati ukiliweka siku ya tano ya mfungo litaanza kusomwa mfungo umeshakwisha. Halafu bei: ukienda Marikiti au Kongowea wiki moja kabla ya Ramadhani, nazi na tende zimeshapanda. Mimi kaimati, mbaazi za nazi, katlesi na uji wa pilipili manga navipiga picha miezi miwili mapema, kwa bei ya kawaida, na jiko halina haraka.

Na sikiliza hili, maana silioni likizungumzwa. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, 2026 baada ya katikati ya Februari, na 2028 itaangukia mwishoni mwa Januari. Yaani msimu wetu mkubwa unasogea kuelekea ule mwezi ambao tangazo lina bei duni kabisa. Wasomaji watakuja wengi kama kawaida, pesa kwa kila msomaji itapungua. Kuanzia 2030, mwaka utakaokuwa na Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine kuanzia mwishoni mwa Desemba, mambo yataanza kugeuka. Kwa hiyo miaka hii ya karibuni usiegemee matangazo. Kuwa na kitu chako cha kuuza: kijitabu, darasa, hata viungo vya pilau ulivyosaga mwenyewe. Kijitabu changu kiliuza nakala 171 kati ya 214 katika wiki sita tu kabla na ndani ya mfungo.

Udhamini nao uje kwa maandishi, na nusu ulipwe kabla hujawasha jiko. Muuza mchele mmoja aliniahidi 40,000 baada ya Idi. Nilipika biriani mara nne kwa mchele wake. Sijaiona hiyo pesa mpaka leo.

Hoteli inakulipa kila mwezi na inakufundisha kupika kwa watu mia mbili. Kaa huko. Blogu ipe Jumapili zako na jioni mbili, na ufungue daftari.

*

Somo, mimi nina chaneli ya mapishi YouTube na kampuni moja ya Nairobi inataka kunilipa 30,000 kutangaza mafuta yao. Wananiulizia namba ya KRA, wale wa kodi, na kitu kinaitwa eTIMS. Nikimbie?
Msomaji, Mtwapa

Usikimbie. Tangu sheria ya fedha ya 2023, anayemlipa mtengeneza maudhui mkaazi wa Kenya hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa jina lako. Watakulipa 28,500. Dai cheti cha makato hayo, kwa sababu 1,500 hiyo ni kodi uliyokwisha kulipa na utaihesabu unapojaza ritani kabla ya Juni 30. Ankara ya eTIMS, yaani ile ya kielektroniki inayopitia mfumo wa KRA, wanaitaka kwa kuwa bila hiyo hawawezi kuyahesabu malipo yako kama gharama ya biashara yao. Kujisajili ni bure, na kunafanyika kwenye simu.

Kwa YouTube, hakikisha umejaza fomu ya kodi ya Marekani ndani ya akaunti yako. Ukiijaza, asilimia 30 hukatwa kwenye pato la watazamaji walio Marekani tu. Usipoijaza, wanaweza kukata kwenye mapato yako yote.

*

Assalamu alaikum Somo. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, niko Muscat. Mapishi yako nayapenda lakini matangazo yamezidi, mpaka nifikie kipimo cha mkate wa kumimina chai imepoa. Na huku sina nazi ya kukuna, nina tui la kopo.
Mama wa Wawili

Waalaikumu salamu dada yangu. Umesema kweli, na nimeyapunguza: tangazo lililokuwa katikati ya vipimo nimeliondoa wiki hii. Nikwambie tu kwa nini lilikuwapo. Tangazo moja linaloonekana Muscat au London hunilipa mara kadhaa kuliko linaloonekana Kisauni, kwa hiyo nyinyi mlio mbali ndio mnaonilipia sehemu kubwa ya unga. Sikupaswa kuwachosha kwa sababu hiyo.

Tui la kopo linafaa. Kwa mchele nusu kilo uliolala ndani ya maji usiku mzima, tumia kopo moja la mililita 400 ulilolitikisa vizuri, usiongeze maji mwanzoni. Saga na hamira kijiko kidogo kimoja na iliki mpaka usisikie chenga kati ya vidole. Sukari iweke baada ya kuumuka, pamoja na ute wa yai moja. Tui la kopo ni zito kuliko la kukamua kwa kifumbu, basi ukiona uji hauteremki kwenye upawa, ongeza maji vijiko viwili vya chakula, usizidishe.