Kwa mliopewa kazi ya kupokea wachezaji wageni

Chama chetu kina wachezaji kuanzia Likoni hadi Mtwapa, wachache wako Lamu na Unguja, na nyinyi ndio mlioingia zamu ya upokezi. Mtu anayefungua michezo hii ya uhusika mtandaoni kwa mara ya kwanza huona watu wamevaa mavazi yanayong'aa wakimpita mbio pasi na hata salamu. Nyinyi ndio wa kwanza kumwita kwa jina. Kazi hii naipenda kuliko kuongoza vita dhidi ya mabosi, wale maadui wakubwa, na ningependa mjue mambo kadhaa kabla ya mgeni wenu wa kwanza kubisha hodi.

Wengi hudhani mgeni huacha kwa kuwa mchezo ni mgumu. Walioacha nikiwauliza, ugumu hawautaji. Wanataja mbio za wenyeji. Kijana mmoja wa Majengo alinambia, "Mimi naingia mlangoni, nyinyi mshatokea upande wa pili. Sijui hata tulimuua nani." Ndivyo danjoni zetu, yale mapango ya maadui tunayoingia kwa kundi, zinavyokwenda: wenyeji wanaruka hadithi, wanawavuta maadui wote kwa pamoja, bosi anaanguka, watu wanatoweka bila kwaheri. Mgeni amepata pointi na ngawira, lakini hakucheza. Amebebwa. Akiendelea kubebwa hivyo, anafika leveli ya juu hajui vitufe vyake vina kazi gani. Siku anapochanganywa na watu wasiomjua, wanamtarajia awe fundi, na akikosea wanamtukana. Hapo ndipo anapoufuta mchezo.

Kwa hivyo msimbebe mgeni. Tembeeni naye. Mkiwa kwenye Guild Wars 2 hili ni rahisi, maana mchezo wenyewe, tangu ulipotoka 2012, umejengwa kwa ajili yake: mkongwe akiingia eneo la wageni, leveli yake inashushwa ilingane na eneo, mti mmoja mnaweza kuukata nyote na kila mtu akapata kuni zake, na yeyote aliye karibu anaweza kumwinua aliyeanguka. Kwenye michezo mingine mtajishusha wenyewe. Anzisheni mhusika mpya wa kutembea na wageni tu, mvalisheni vitu vya leveli yao, mwacheni mgeni atangulie mlangoni. Anaposoma maelezo ya mzee wa kijiji, ngojeni amalize. Ndiyo, mnaijua hadithi hiyo. Yeye haijui, na kuisoma mara ya kwanza hutokea mara moja tu.

Kabla ya bosi, mwambieni jambo moja. Moja tu. Nimeona wapokezi wenye nia njema wakimwaga mbinu zote saba za bosi kwenye gumzo, mgeni akaingia akiwa ameshaogopa. Mwambieni, "Ardhi ikigeuka nyekundu, toka," basi. Mengine atayaona. Na semeni mapema kwamba hapa huenda tukafa wote, kwamba ni kawaida, na kwamba tutarudi. Kufa pamoja kunagharimu dakika chache. Kimya kinachofuata kifo ndicho kinachoumiza, kwa sababu mgeni hukijaza mwenyewe: anaamini mnamlaumu. Kwa hivyo mpokezi awe wa kwanza kusema neno, tena liwe la manufaa: "Safari hii ulitoka mapema kuliko mimi. Turudi."

Sasa zawadi, ambapo sisi watu wa pwani tuna udhaifu wetu. Mgeni akija tunataka kumpa. Mtu anaingia Old School RuneScape, hajavua samaki wake wa kwanza, tayari ameshawekewa dhahabu na panga ambalo hata leveli yake hairuhusu kulishika. Mchezo ule raha yake ya mwanzo ni kukata mti, kuwasha moto, kupika samaki akaungua, kupika tena. Ukimpa utajiri siku ya kwanza umemnyang'anya mwezi wa furaha. Mkitaka kutoa, toeni kinachoondoa usumbufu bila kuondoa kazi: mkoba mkubwa wa kubebea vitu kwenye Guild Wars 2, au chakula cha safari. Kingine ni muda wenu, ambao hata hivyo ndio aliokuja kuutafuta.

Muulizeni pia amefuata nini. Richard Bartle, mmoja wa wawili waliotengeneza MUD ya kwanza, mchezo wa maandishi ambao wengi hucheza pamoja, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, aliandika 1996 kwamba wachezaji ni wa namna nne: wanaotafuta mafanikio, wanaopenda kuchunguza ulimwengu, waliofuata watu, na wanaofurahia kuwashinda wenzao. Watu halisi huchanganya hizo nne, lakini swali lenyewe linasaidia. Aliyefuata watu hatafurahi ukimpeleka kuchimba madini peke yake. Mchunguzi ukimwonyesha njia ya mkato umemharibia siku. Na yule anayetaka kupigana na wachezaji wenzake msimwone mkorofi. Mtafutieni uwanja wa mapambano wenye sheria, atatulia.

Kuhusu gumzo nina mengi, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi wanapotupotea. Mgeni asiyejibu salamu si lazima awe na kiburi. Huenda anatumia simu, na kuandika huku bosi akimshambulia hawezi. Huenda akaunti yake ni ya majaribio: katika Final Fantasy XIV, kwa miaka mingi mchezaji wa majaribio hakuweza kutuma ujumbe wa faragha wala kuunda kundi, na michezo mingi huweka vizuizi kama hivyo ili kuwazuia watuma matangazo. Mwalikeni nyinyi, simameni karibu naye, tumieni ishara ya kupunga mkono. Katika mchezo huo huo mgeni ana alama ya mche mchanga kando ya jina lake, mkiiona punguzeni mwendo.

Kisha kuna lugha yetu ya ndani ya mchezo, ambayo inawafungia watu nje bila sisi kujua. Mgeni wa Kisumu au Arusha Kiswahili chetu anakielewa vizuri. Haelewi "ado", "agro", "bafu", na "tanki kavuta mapema". Semeni jambo lenyewe: "Wale wadogo wanaotoka mlangoni wapige wewe, yule mkubwa niachie mimi." Akishaona mara mbili, majina atayaokota mwenyewe. Na akiuliza swali, jibu la "katafute" ni marufuku kwenye chama chetu. Alitafuta, akawapata nyinyi.

Maiki isiwe sharti kwa mtu yeyote. Na mgeni akifungua maiki ikasikika sauti ya kike, kazi yenu inaanza palepale. Hakuna kumuuliza picha, nambari, umri wala mtaa anaokaa. Hakuna kumrundikia zawadi ambazo mwanamume mgeni hapewi. Hakuna kukisia kwamba atataka kuwa mponyaji. Mtu akianza, mkatazeni hadharani, kwa sauti ile ile ya kawaida, saa hiyo hiyo. Msimngoje yeye ajitetee, wala msimpelekee ujumbe wa siri wa kumwambia avumilie. Dada wengi tunaowapoteza wanaondoka kimya, na nyuma yao mara nyingi palikuwa na wanaume kadhaa waliosikia yote wakanyamaza. Wanyamavu hao wasiwe wapokezi.

Mtandao. Nyaya za baharini zinatua hapa kwetu Mombasa. TEAMS na SEACOM zilifika 2009, EASSy 2010, na kwa hivyo mgeni anadhani mchezo ukichelewa ni simu yake mbovu au yeye ni mzito. Mwelezeni. Seva tunazochezea, yaani kompyuta zinazoendesha mchezo, ziko Ulaya. Kutoka hapa hadi Amsterdam ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya waya huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tayari ni milisekunde 70, na waya haunyooki: unapanda Bahari ya Shamu, unavuka Misri, unapita mitambo chungu nzima. Mara nyingi tunaona mara mbili ya hiyo au zaidi. Katika Final Fantasy XIV pigo huhesabiwa pale mstari unaoonyesha bosi anaandaa pigo unapojaa, hata kama mlipuko utaonekana baadaye, kwa hivyo mchezaji wa Mombasa anatakiwa kutoka mapema kuliko mwenzake wa Berlin. Mgeni akilijua hili anaacha kujilaumu. Na siku mtandao unapozorota kama Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu kwa pamoja, msipange danjoni za wageni kabisa. Pangeni uvuvi na mazungumzo.

Muwe na huruma na bando pia. Sasisho la mchezo wa kompyuta laweza kula data ya mwezi mzima. Anayetegemea simu aanze na Old School RuneScape, iliyokuja kwenye simu 2018, au Albion Online, iliyofuata 2021.

Lakini Albion ina hatari yake, na lazima mgeni aijue kutoka kwenu kabla hajaijua njiani. Kwenye maeneo ya buluu na manjano akishindwa haporwi mali yake. Akivuka kuingia eneo jekundu au jeusi, akiuawa, alichobeba chote kimekwenda. Msindikizeni mpaka mpakani, mwambieni aache benki vitu anavyovipenda, aingie na vya bei rahisi. Mwambieni vilevile kuhusu matapeli: anayesema "nipe dhahabu nikurudishie maradufu" ni mwizi, kila mara, na anayejiita msimamizi akaomba nenosiri ni mwizi pia.

Saa za seva huwachanganya watu wetu sana. Tangazo likisema 18:00, hiyo kwa kawaida ni saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, na hapa ni saa tatu usiku. Mgeni huja saa kumi na mbili jioni, anakuta hakuna mtu, harudi. Andikeni saa ya Mombasa kwanza, ya seva ifuate. Kikao cha wageni ni saa tatu usiku, Isha imeshaswaliwa na aliyekuwa akivuka feri ameshafika kwake. Ramadhani tunakisogeza baada ya tarawehe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi nalifuata hilo bila kupunguza. Kikao cha tatu mgeni apewe kazi ya kweli: atunze orodha ya madini tuliyonayo, achague danjoni ya usiku huo, au amwonyeshe aliyeingia jana pahali pa benki. Hiyo ya mwisho ndiyo bora. Aliyejifunza juzi anakumbuka alipokwama, nasi wakongwe tumeshasahau.

Mgeni akipotea wiki nzima, mtumieni ujumbe mmoja usio na swali la kumbana: "Tuko Alhamisi saa tatu, nafasi yako ipo." Asipojibu, mwacheni. Jina lake msilifute kwenye orodha ya chama, kwani wengine hurudi baada ya mitihani, au baada ya kupata simu nyingine, na hufurahi kukuta bado wamo. Alhamisi hii kila mpokezi atachukua wageni wawili, si zaidi, na ambaye hajatengeneza mhusika wa leveli ya chini afanye hivyo kabla ya kikao.