Maswali ya wafugaji: Kuku wa mayai analegea miguu

SWALI: Kuku wangu wanataga vizuri sana, lakini kila asubuhi nakuta mmoja au wawili wamelala ubavu, hawawezi kusimama. Chokaa ya unga nawapa kila siku. Kosa liko wapi?

JIBU: Inaelekea ni upungufu wa kalisi (kalsiamu), madini yaliyomo kwenye chokaa. Ganda la yai moja hubeba takriban gramu 2 za kalisi, na hujengwa zaidi usiku, wakati kuku hali chakula. Chokaa ya unga hupita tumboni haraka. Ikiisha, kuku huchota kwenye mifupa yake mwenyewe. Theluthi mbili ya chokaa iwe chembe za milimita 2 hadi 4, ambazo hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu, na sehemu kubwa ya chakula itolewe alasiri. Kila kuku apate gramu 4 hivi za kalisi kwa siku. Vitamini D3 na fosforasi zikipungua, kalisi hiyo haimfai kitu.

Aliyeanguka mtenge, maji na chakula viwe karibu na mdomo. Wengi husimama tena wakiwahiwa.

Papasa pia mfupa wa kidari, kutoka mbele kwenda nyuma. Ukikuta umepinda au una uvimbe mgumu, huenda uliwahi kuvunjika: shusha fito za kulalia, weka ngazi ya mteremko. Na tafadhali, usimbebe kuku kwa mguu mmoja. Mfupa dhaifu huvunjika hapohapo, naye huumia kweli.

Mguu mmoja ukinyooka mbele na mwingine nyuma, shuku ugonjwa wa Marek (wa virusi, hupoozesha kuku), umwite daktari wa mifugo.