Pistoni mpya ya pili imekufa? Pima sili za kranki kabla hujanunua ya tatu

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Chensoo ya zamani, umeifunga silinda na pistoni mpya, ikafanya kazi siku tisa, kisha ikakata nguvu ikiwa moto, na ulipofungua ukakuta pistoni imechubuka upande wa ekzosi. Fundi anakwambia petroli ya kituo fulani ni chafu, tena anakushauri uongeze oili kwenye mchanganyiko. Hapo kwenye oili ndipo nilipoamua kuandika.

Nilishaliwa hela kwa ugonjwa huohuo. Nipo Mafinga, kazi yangu ni kupasua mbao za mipaina na milingoti, na kwa miaka 12 chensoo zangu nazifungua mwenyewe. Ile iliyonifundisha ni kubwa ya cc 72 niliyoinunua mkononi mwa mtu. Nilifunga pistoni mbili ndani ya miezi mitatu. Ya kwanza nikalaumu petroli, ya pili nikalaumu spea feki. Kumbe kosa lilikuwa sili ya upande wa magneto, yaani upande wa flaiwili: kipete cha mpira kinachoibana shafti ya kranki hewa isipite pembeni, ambacho bei yake hata robo ya pistoni haifiki.

Injini ya tu-stroki kama hii ya chensoo haina sampu, yaani hodhi la oili chini ya injini, kama ya pikipiki nyingi. Petroli iliyochanganywa na oili inapita kwanza chini, kwenye chumba cha kranki, ndipo ipande juu kuungua. Pistoni ikipanda, chumba kile kinanyonya kupitia kabureta. Sasa kama mdomo wa sili umekakamaa au umelika, kinanyonya hewa tupu pale pembeni pia. Kabureta haina habari na hewa hiyo, kwa hiyo haitoi petroli ya kuilingana. Mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, oili inayofika kwenye ukuta wa silinda ni kidogo, na pistoni inavimba hadi inasuguana na silinda. Upande wa ekzosi ndio wenye joto zaidi, ndiyo maana unachubuka wa kwanza.

Kuongeza oili hakuzibi hewa. Kunafanya kinyume: kila lita inayopita ina oili nyingi na petroli pungufu, kwa hiyo mchanganyiko unazidi kukauka. Mimi nachanganya mililita 20 kwa lita nikiwa na oili nzuri ya tu-stroki, na mililita 40 nikipata hizi za kawaida. Zaidi ya hapo ni moshi tu na kaboni kwenye ekzosi.

Dalili utazikumbuka. Ukiachia resi, mlio hauteremki mara moja, unaning'inia juu kwanza. Silensa, yaani mwendo wa chini bila resi, haitulii, leo ukiseti vizuri kesho inazima. Ukiilaza ubavu mmoja mlio unabadilika. Na skrubu ya mwendo wa chini kwenye kabureta unaifungua, unaifungua, wala hairidhiki. Lakini usiape kwa dalili hizi peke yake, maana mpira unaounganisha kabureta na silinda ukipasuka unaleta zilezile, na gasketi ya chini ya silinda vilevile. Kuna jamaa alibadilisha sili zote mbili kumbe ufa uko kwenye mpira, mahali ambapo huuoni mpaka uukunje kwa vidole. Chensoo iliyosetiwa huku kwetu milimani ukiishusha Kilombero nayo inakuwa kavu, lakini ile unaseti kabureta na mambo yanaisha.

Kwa hiyo pima. Vitabu vya ufundi vya Stihl, watengenezaji wa chensoo, vinataka presha ya baa 0.5 ikae sekunde 20 bila kushuka. Kipimo maalumu ni ghali. Mimi natumia mashine ya presha ya hospitali, ile ya kubana kwa mkono. Saa yake inaishia 300, ambayo ni kama baa 0.4, inatosha kabisa. Toa ekzosi, weka kipande cha tyubu ya baiskeli, rudishia ekzosi juu yake ukaze. Plagi iwe imekazwa. Toa kabureta, mahali pake funga kibati chenye kijibomba katikati, nyuma yake tyubu nyingine, na hakikisha kile kitundu kidogo cha kupeleka mapigo kwenye kabureta nacho kimezibwa. Pistoni iwe juu kabisa. Jaza upepo mpaka 250 hivi, usipulize kwa kompresa ya gereji, utazing'oa hata sili nzima.

Flaiwili na klachi viwe vimetolewa, vinginevyo hutaona kitu. Paka povu la sabuni kuzunguka kranki pande zote, kwenye unganiko la vipande viwili vya injini, chini ya silinda, na kwenye mpira. Zungusha kranki kidogo mbele na nyuma. Mshale wa saa utacheza kwa sababu pistoni inasogea, usishtuke, angalia unapotulia ukiirudisha juu.

Halafu fanya kinyume chake, kunyonya. Hapa ndipo nilipodanganyika mwanzoni. Mdomo wa sili unaangalia ndani, kwa hiyo ukijaza upepo unaubana mdomo uikumbatie kranki, na sili mbovu inaweza kufaulu mtihani. Ukinyonya, mdomo unanyanyuka na ukweli unatoka. Ile sili yangu ilishika upepo kama tairi jipya. Nilipochukua bomba la sindano la mililita 60, lile la mifugo, nikavuta na kushikilia nusu dakika, kisha nikaachia, mkono wa bomba haukurudi. Kwenye injini isiyovuja ungerudi karibu na ulipoanzia. Ukitaka kujua ni upande gani, dondosha oili kwenye mdomo wa sili wakati unavuta, utaiona inamezwa.

Kwenye kufungua, klachi inafunguka kwa kuelekea mwendo wa saa, kinyume na nati za kawaida. Wengi wamekata shafti hapo. Kuzuia pistoni tumia kamba laini kupitia tundu la plagi, lakini kwanza pandisha pistoni ipite tundu la ekzosi, kamba isije ikanaswa na kukatwa.

Kabla ya kutoa sili shika kranki uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha, na sili mpya utakayoweka itakufa mwezi huohuo. Hapo hakuna ujanja, pasua injini ubadilishe na beringi. Ukiunganisha tena, gasketi ya katikati inabaki imechomoza pale silinda inapokaa. Ikate kwa wembe iwe sawa na chuma, la sivyo umetengeneza tundu jipya chini ya silinda. Na usipake silikoni ya madirisha, petroli inaivimbisha na kuing'oa. Ipo gasketi meka inayostahimili petroli.

Kama beringi ni nzima, huna haja ya kupasua injini. Toboa kitundu kidogo kwenye bati la sili kwa drili ya milimita 2, taratibu, ukihisi tu bati limeachia simama, maana nyuma yake kuna beringi. Ingiza skrubu ndogo, vuta kwa plaizi. Vumbi la chuma litoe kwa grisi na kitambaa. Usiikwaruze kranki kwa bisibisi! Mkwaruzo mmoja unaopita chini ya mdomo ni njia ya hewa milele.

Kranki ikiwa na kutu au kamfereji kalikochimbwa na mdomo wa zamani, zungushia msasa laini kwa kuifuata duara, kamwe usisugue kwa urefu. Mfereji ukiwa mzito, sili mpya iache milimita moja juu ya ilipokuwa ya zamani, mdomo ukanyage chuma kipya. Zungushia nyuzi za kranki karatasi laini ya nailoni, paka oili mdomoni, upande wenye springi uangalie ndani, sukuma kwa soketi inayolingana na bati la nje. Gonga kidogokidogo, isiende upande.

Pima tena kabla ya kufunga pistoni ya tatu. Ikishika, kabureta iseti upya, kwa sababu sasa imefunguliwa kupita kiasi kufidia hewa ambayo haipo tena. Itatoa moshi na kuzama mwanzoni, rudisha skrubu polepole, na wiki ya kwanza iache imeshiba petroli kidogo.

Ukishapima weka hapa saa imeshuka kwa sekunde ngapi, na povu limetokea wapi. Piga picha na ile silinda pia, mikwaruzo mingine ni alumini ya pistoni imeganda tu, inatoka, huna haja ya kununua nyingine.