Ukipima Juni ukafunga Februari, unapima mvua

Mkuu, simamisha kwanza hiyo safari ya Dodoma. Umesema takwimu za awali mnachukua Juni, za mwisho Februari kabla mfadhili hajafunga mkoba. Hapo mradi wenu wa bustani na kuku, wa kuboresha mlo wa akina mama, haupimwi. Inapimwa mvua.

Dodoma ina msimu mmoja. Juni mtama na uwele viko ghalani, karanga zipo. Februari ghala ni vumbi, watu wanapalilia kwa kuungaunga, ila mlenda mbichi umejaa mpaka nyuma ya choo. Sasa peleka hayo kwenye kipimo cha mchanganyiko wa mlo wa wanawake wa miaka 15 hadi 49: makundi 10 ya chakula, aliyekula angalau 5 jana, mchana na usiku, amepita. Mlenda unampa kundi zima la majani ya kijani, bure. Karanga zikiisha, kundi zima limekwenda. Alama zikipanda mtajipigia makofi, zikishuka mtafukuzwa, na bustani haikuhusika popote.

Mimi mara ya kwanza uongo kama huo niliuchorea na grafu ya rangi, kwa sababu mshauri mwelekezi mmoja aliapa kwamba msimu "utasawazishwa kwenye uchambuzi". Utasawazishwaje, wakati awamu ya kwanza yote ni mavuno na ya pili yote ni njaa? Hakuna hesabu inayotenganisha hapo. Malipo yake yeye yalisawazika vizuri tu.

Mwezi uleule, mkuu. Fedha zinaisha Februari? Takwimu za awali nazo zichukuliwe Februari. Haiwezekani? Tafuteni vijiji visivyo na mradi, vyenye mvua na soko linalofanana, vipimwe wiki zilezile kwa awamu zote mbili. Gharama ya wadodosaji itakaribia mara mbili, lieni sasa hivi. Na kama mna vijiji vya Kondoa, angalieni Ramadhani: inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na sahani ya futari si sahani ya siku zote.

Lile dodoso la kaya la makundi 12 liacheni. Linahesabu hata sukari na mafuta. Linaonyesha kaya inapata nini, si mama amekula nini. Na kwenye kile cha wanawake, wadodosaji wajue kwamba kundi lililoliwa chini ya gramu 15 halihesabiwi. Maziwa ya kubadilisha rangi ya chai si kundi la maziwa, hata mama akisisitiza.

Programu ya simu ya kukusanyia takwimu uliyouliza, yoyote tu. Mkataba unasema Februari tarehe ngapi?