Kukosa hamu ya kusoma: tafuta kwanza mahali ulipoacha kuelewa

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba kila ukifungua kitabu usingizi unakuja, kwamba unaweza kuurudia ukurasa mmoja jioni nzima usikumbuke ulichosoma, na kwamba umeanza kuamini kuwa hukuumbiwa vitabu. Waliotangulia kukujibu wamekushauri ujitume, upange ratiba na uamke alfajiri. Sina ugomvi na ratiba, ila kwa jinsi ninavyoyajua mateso hayo, naona ushauri huo haugusi chanzo chake. Kinachomchosha msomaji mara nyingi ni kusoma asichokielewa, na hamu hiyo unayoingojea ije ndipo uanze kusoma huwa inakuja nyuma ya kuelewa.

Kwangu somo lililonitesa lilikuwa kemia. Historia niliweza kuisoma hadi usiku wa manane bila kusukumwa na mtu, lakini kitabu cha kemia kilinilaza mapema jioni, na tofauti hiyo peke yake ilitosha kuonyesha kwamba tatizo halikuwa uvivu. Mwanafunzi mmoja wa darasa la juu yetu, mtu mwenye subira ya ajabu, alinihoji maswali mepesi mepesi akarudi nyuma mada kwa mada mpaka tukafika kwenye dhana ya moli. Nilikuwa nimekariri kwamba moli moja ina chembe 6.02 × 10²³, lakini sikuweza kusema namba hiyo inamsaidia mtu kufanya nini. Alinieleza kwamba moli ni njia ya kuhesabu vitu vidogo visivyoonekana kwa kuvipima kwenye mizani: gramu 12 za kaboni zina atomu nyingi sawasawa na molekuli zilizomo katika gramu 32 za gesi ya oksijeni, kwa hiyo anayejua uzito anajua pia idadi. Karibu kila hesabu iliyonishinda baada ya hapo ilitegemea jambo hilo moja. Aliniagiza niweke kando kitabu cha darasa letu nichukue cha darasa la chini, jambo lililonitia aibu kidogo mbele ya wenzangu, lakini kurasa zilianza kusonga, na sikumbuki tena kuhitaji kujilazimisha kukaa.

Hili si la kemia pekee. Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa Marekani habari ya mchezo wa besiboli waisome, kisha wakapima walivyoielewa. Wanafunzi waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu lakini wanaoujua mchezo huo vizuri waliielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa maneno mengine, anayeitwa msomaji dhaifu anaweza kuwa mtu aliyepewa maandishi ambayo msingi wake hana. Kwa hiyo chukua mada inayokulaza, rudi nyuma kurasa kwa kurasa, hata vitabu kwa vitabu, mpaka ufike mahali unapoweza kumweleza mwenzako bila kuchungulia, na uanzie hapo.

Angalia pia lugha, hasa kama unafundishwa kwa lugha usiyoizungumza nyumbani. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati, amekadiria kwamba ili mtu asome kitabu na kukielewa bila msaada anahitaji kuyajua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyomo, yaani neno geni lisizidi moja katika kila maneno 50. Hesabu maneno mageni katika aya inayokusumbua. Ukikuta moja katika kila mstari, usishangae akili ikikataa. Pitia kwanza maneno hayo, uyaandike kwa maana zake, kisha ndipo uisome aya.

Kuhusu kurudia ukurasa, acha. Kurudia kunampa mtu hisia kwamba amejua kwa sababu maneno yameshazoeleka machoni. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha jambo hili mwaka 2006: wanafunzi waliosoma maandishi na kuyarudia walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliokumbuka zaidi ni wale ambao, badala ya kurudia, walijaribu kuyakumbuka bila kuyatazama. Soma sehemu fupi, funga kitabu, andika ulichokishika, fungua uone kilichokuponyoka. Mwanzoni inaudhi, maana karatasi inabaki nusu tupu, lakini ni vigumu kusinzia unapojihoji, na siku karatasi itakapoanza kujaa utaona mwenyewe kwamba unapiga hatua. Binafsi naamini kwamba kuuona ujuzi ukiongezeka kunavuta mtu kurudi kitabuni kuliko zawadi yoyote anayojiahidi.

Mengine ni madogo. Simu iwe chumba kingine, na usisomee kitandani. Waliokushauri usome riwaya hawakukosea, kwa kuwa riwaya hukuza msamiati, ila kazi hiyo ni ya polepole na haitakufundisha fizikia ya mtihani ujao. Lakini ukiona hata habari nyepesi unayoipenda unaisoma kwa shida, herufi zinachanganyika au kichwa kinauma, pimwa macho, na uliza kuhusu disleksia, ambayo ni ugumu wa kusoma usiohusiana na akili ya mtu. Hapo hakuna mbinu kati ya hizi itakayotosha peke yake.

Hukutaja ni somo gani. Lilete pamoja na mada yenyewe na mahali unapoanza kupotea, ili wanaolijua waweze kukuonyesha urudi nyuma hadi wapi.